Damu ya vena kwenye mashine ya gesi inatosha sana, ila jamani andikeni kwamba ni ya vena

#1 Mpimaji_Njiro

Wakuu habari za wakati huu. Mi ni mtu wa maabara hapa Arusha, mashine ya gesi za damu (ile inayopima oksijeni, kaboni dayoksaidi na asidi kwenye damu) nimekaa nayo karibu miaka sita sasa, nimefungua huu uzi kwa sababu kuna kitu kimenikaa rohoni na nisipokisema hapa kwa watu wa fani sijui nitakisema wapi. Hospitali siitaji na wala haina maana kuitaja, hii kitu inaweza kutokea popote.

Ilikuwa zamu ya usiku, saa tisa kasoro, ile baridi ya Julai mnaijua. Sirinji imeletwa imezibwa vizuri, ina jina na namba ya faili, basi. Fomu imeandikwa ABG, yani gesi za damu ya ateri, ule mshipa unaotoa damu moyoni, kwa sababu fomu yetu wakati ule ilikuwa na hilo neno tu, utake usitake unaweka tiki hapo hapo. Nikaiviringisha viganjani, nikasukuma tone la kwanza kwenye gozi, nikaingiza. Ile mashine inauliza aina ya sampuli na usipochagua inajichukulia yenyewe kwamba ni ya ateri, nami nikabonyeza endelea. Karatasi ikatoka: pH (kipimo cha asidi, ikishuka asidi imezidi) 7.18, kaboni dayoksaidi 25, baikaboneti (inayopunguza asidi) 9, oksijeni 38, saturesheni (asilimia ya oksijeni iliyobebwa na damu) 58.

Nikapiga simu wodini kusoma majibu ya hatari kama utaratibu unavyotaka. Aliyepokea ni intani, kijana mzuri tu, aliposikia oksijeni 38 hata hakusubiri nimalize, simu ikakatwa. Nimekaa kama dakika kumi moyo haujatulia, nikamwachia mwenzangu benchi nikapanda. Nakuta kitanda kimezungukwa, wanaandaa mrija wa kumpitishia kooni, mama yake yupo koridoni ameshaambiwa ajiandae kwa lolote, analia kimya kimya na kanga mdomoni. Mgonjwa ni binti mdogo, anapumua kwa kina na haraka, ana ile harufu ya matunda yaliyoiva kupitiliza. Sukari. Na kidoleni ana klipu ya kupima oksijeni inasoma 97!

Nikauliza damu imetolewa wapi. Muuguzi akanionyesha plasta, ipo ndani ya kiwiko. Vena, yani mshipa unaorudisha damu moyoni.

Sasa wale ambao si wa fani naomba mnielewe hapa. Kupumua kwake vile ndiko kulikokuwa kunamwokoa, mwili ulikuwa unaitupa kaboni dayoksaidi nje ili ile asidi isizidi. Ukimlaza ukampa dawa ya kulegeza misuli ukamwekea mashine inayopumua taratibu kuliko yeye, kaboni inapanda na pH inaporomoka, anaweza kukufia mkononi. Yani jibu lilikuwa sahihi kabisa, pH sahihi, baikaboneti sahihi, la ketoasidi (asidi inayolundikana mwenye kisukari akikosa insulini) limekaa pale linaonekana, lakini kwa kukosa herufi moja tu inayosema ni vena watu wakasoma namba moja isiyowahusu wakaacha tatu zinazowahusu. Insulini na maji vilichelewa karibu nusu saa. Binti alipona, Mungu mkubwa. Na mimi sehemu yangu naibeba, nilibonyeza endelea bila kuuliza.

Hoja yangu ni hii: kwa wagonjwa wengi damu ya vena inatosha, hakuna haja ya kuwatoboa ateri. Lakini iandikwe ni ya vena. Karibuni tujadili.

#2 Sista_Kaloleni

Pole kaka, na hongera kwa kupanda wodini, wengi wenu mkishapiga simu mmemaliza.

Mi nipo emejensi. Kwa kweli kutoboa ateri hakuna anayekupenda. Unatafuta mapigo kwenye kifundo cha mkono, mgonjwa ameshapungukiwa maji mapigo yenyewe hafifu, unachoma unakosa, unageuza sindano ndani humo humo mtu mzima analia kama mtoto, ukipata unabana dakika tano nzima pasije pakavimba na nyuma yako kuna wagonjwa sita. Wakati huo huo kanula nimeshaweka, damu ya vena ninayo tayari mkononi. Nikisema nitumie hii naambiwa hiyo haifai rudia. Hebu tupe namba tuwe nazo mfukoni, tofauti ni kiasi gani?

#3 Mpimaji_Njiro

Dada namba hizi hapa na uzibandike ukutani. pH ya vena inakuwa chini ya ile ya ateri kwa kama 0.03, ni kidogo mno haibadilishi uamuzi. Baikaboneti wanapishana 1 hivi, mara chache 2. Kaboni dayoksaidi ya vena ipo juu kwa wastani wa 4 mpaka 6 kwa milimita za zebaki, ila hii ndo inayoyumba, kwa mgonjwa mmoja mmoja inaweza kwenda mbali zaidi ya hapo kwa hiyo usifanye hesabu ya kutoa ukajipa jibu la ateri. Laktati (asidi ambayo mwili hutoa ukikosa oksijeni) ya vena ikiwa ya kawaida umemaliza, ikiwa juu kidogo jiulize kwanza mpira wa kufungia mkono ulikaa muda gani kabla hujamtangaza ana sepsisi, yani maambukizi makali mwilini.

Oksijeni ya vena achana nayo. Iko 40 hivi kwa mtu mzima wa afya, ndivyo inavyotakiwa kuwa. Damu imeshapita kwenye misuli ya mkono imeshusha oksijeni imepakia kaboni inarudi. Ni sawa na kupima mzigo wa kirikuu kikiwa kinarudi kutoka soko la Kilombero halafu useme huyu bwana hajabeba nyanya. Oksijeni tizama klipu ya kidoleni, basi.

#4 Babu_wa_Benchi

Vijana nawasoma. Mimi nimestaafu, niko Moshi, nimefanya maabara tangu enzi tunanyonya pipeti kwa mdomo. Sikubaliani na nyie moja kwa moja.

Hii fani mnajua ilitokea wapi? Copenhagen mwaka 1952, mlipuko wa polio. Watoto na watu wazima wamepooza misuli ya kupumua, maabara inapima jumla ya kaboni dayoksaidi kwenye damu inakuta iko juu, madaktari wanasema hiyo ni alkali imezidi. Bjørn Ibsen, mtu wa nusukaputi, akasema hapana, hawa hewa chafu haitoki. Poul Astrup wa maabara akapima pH ikaonekana ni asidi, Ibsen alikuwa sahihi. Wakawatoboa koo wakaweka mirija, wanafunzi wa udaktari wakaingia zamu usiku na mchana wakiminya mifuko ya hewa kwa mikono yao wiki kwa wiki. Yani namba moja ya maabara ndiyo iliyogeuza matibabu ya hospitali nzima. Ndiyo maana nawaambia msiichezee namba.

Sasa mgonjwa wa shoki presha haisomeki, damu imesimama kwenye mikono na miguu, hapo vena na ateri zinaachana kabisa, vena itakwambia asidi kali na kaboni juu na ateri inasema kitu kingine. Na huyu mwenye mapafu mabovu ambaye kaboni imeshalundikana utamwekaje kwenye mashine ya kupumulia kwa namba ya vena? Ateri ni ateri.

#5 Mpimaji_Njiro

Shikamoo babu. Kwenye shoki umenipiga na nakubali bila ubishi, pale zikiachana ateri ni lazima, na mara nyingine ule mwachano wenyewe ndio unakwambia damu haizunguki vizuri. Na aliye kwenye mashine ya kupumulia pia atatobolewa, au awekewe kanula ya ateri moja achukuliwe hapo.

Ila huyu wa mapafu sikubali yote. Kaboni ya vena ikiwa 45 au chini, ya ateri haiwezi kuwa imelundikana kwa maana yoyote, umeshamwondoa kwenye hofu bila kumchoma ateri. Ikiwa juu ya 45 ndo unasema sasa ngoja tutoboe tuhakikishe. Kwa hiyo vena inakuwa chekeche, wanaobaki kwenye chekeche ndio wanaotobolewa.

#6 Babu_wa_Benchi

Marahaba. Chekeche nakuelewa. Lakini chekeche liandikwe ni chekeche.

#7 Dk_Zamu_Moshi

Niongezee upande wa kitandani. DKA, yani hiyo ketoasidi ya kisukari, Waingereza kwenye mwongozo wao wanatumia damu ya vena tangu zamani, kuanzia kumtambua mpaka kumfuatilia, pH chini ya 7.3 au baikaboneti chini ya 15 pamoja na ketoni na sukari, umeshaanza tiba. Unamrudia kila baada ya saa kadhaa kuangalia asidi inashuka na potasiamu iko wapi, sasa fikiria ungekuwa unamtoboa ateri kila mara, mtu angetoroka wodi.

Mkuu mwenye uzi naomba pia nimtetee yule intani. Namba ya oksijeni 38 kwenye simu saa tisa usiku inatisha mtu yeyote. Hakufundishwa kuuliza "damu ya wapi". Tangu nisome hii nimeanza kuwafundisha wangu, swali la kwanza damu ya wapi, la pili klipu inasoma ngapi, zikipingana amini mgonjwa kwanza kisha urudie sampuli.

#8 Mama_wa_Himo

Samahani mimi si wa hospitali, nimeingia kwa sababu mwanangu ana sukari. Mwaka jana alilazwa walimtoa damu mara tatu asubuhi moja, ya kwanza wakasema imeganda, ya pili wakasema potasiamu imetoka ya ajabu, ya tatu ndo ikakubali. Nilikasirika nikaona wanamfanyia mazoezi mtoto wangu. Kumbe kuna sababu au ni uzembe?

#9 Mpimaji_Njiro

Mama pole sana wewe na mtoto, na hasira yako ni ya haki. Sababu ipo, na mara nyingi ni ya upande wetu si ya mtoto.

Kuganda ni kwa sababu sirinji haikuchanganywa. Ndani yake kuna heparini kavu, dawa ya kuzuia damu isigande, ni unga mdogo tu umekauka ukutani, damu ikiingia inatakiwa hapo hapo upindue pindue na uiviringishe kati ya viganja nusu dakika au zaidi, na kabla ya kuiweka kwenye mashine uiviringishe tena. Muuguzi akiiweka mezani kwanza aandike jina ameshachelewa. Na kile kibonge kidogo ambacho macho hayaoni kinaenda kuziba kijia cha mashine na hapo hospitali nzima haina kipimo cha gesi za damu mpaka tukizibue.

Potasiamu ya ajabu ina njia nyingi. Damu imevutwa kwa nguvu kwenye kisindano chembamba chembe zikapasuka, na kwa sababu tunapima damu nzima hatuoni ule wekundu wa seramu (maji ya damu) ungetuonya. Au mtoto aliambiwa kunja ngumi kunjua kunja kunjua. Au mbaya zaidi mtu katoa kwenye tyubu ya kofia ya zambarau akahamishia kwenye sirinji, ile dawa ya mle ni chumvi ya potasiamu yenyewe, kalsiamu nayo inazama. Huyo wa ya pili alikataa kutoa jibu bovu, huyo mshukuru. Wa kwanza alitakiwa kukuomba radhi.

#10 Sista_Kaloleni

Swali la barafu sasa. Tulifundishwa chuoni gesi zipelekwe kwenye barafu, kila siku nahangaika na barafu ya kwenye friji ya chai.

#11 Mpimaji_Njiro

Dada achana na barafu. Ile ilikuwa zama za sirinji za kioo. Hizi za plastiki zikipoa zinapitisha oksijeni ukutani, na chembe zikipigwa baridi zinavujisha potasiamu. Iache joto la kawaida ifike ndani ya dakika 30, ikichelewa chembe zinaendelea kula sukari humo humo, laktati inapanda pH inashuka, na utamtibu mgonjwa kwa kosa la ngazi na lifti mbovu. Kiputo cha hewa ukitoe mara moja kabla hujaviringisha, ukichanganya na kiputo kikiwa ndani hewa inaingia damuni, kaboni inashuka, pH inapanda. Na mpira usikae mkononi zaidi ya dakika moja. Kama sirinji maalumu hamna mnatumia heparini ya maji, ivute ilowanishe kisha isukume nje yote, ikibaki inaizimua damu, kaboni na baikaboneti zinasoma chini bila ugonjwa wowote. Kwa sirinji ya 2 mili iliyojazwa nusu hilo ni kosa kubwa, msione ni tone tu.

#12 Fundi_Sakina

Wakuu mi ni fundi wa vifaa tiba, niwape moja ya huku kwetu kwenye mwinuko ambayo vitabu vinaipita. Mashine ya gesi ina baromita ndani. Arusha tupo mita 1,400 hivi, kanieneo ya hewa hapa ni karibu 860 hektopaskali. Nimeitwa sehemu moja kontroo (ampuli za majaribio ambazo majibu yake yanajulikana) zinakataa siku tatu, kaboni na oksijeni zote zinasoma juu, pH safi kabisa. Nimehangaika na membreni, nimebadilisha, wapi. Mwishoni naingia kwenye menyu ya baromita nakuta 1017. Namuuliza kijana, ananiambia mkuu mashine ilikuwa inasema 860 nikaona imeharibika nikaangalia hali ya hewa kwenye simu nikairekebisha.

Simu inakupa namba iliyoshushwa mpaka usawa wa bahari, si ya hapo ulipo! Na ile mashine inajikalibra kwa mtungi wa gesi, kwa hiyo inapiga hesabu ya mtungi kwa kanieneo isiyo yake, kila gesi inapanda karibu asilimia 20. Mgonjwa mwenye kaboni 40 anasoma 48, na baikaboneti nayo ambayo haipimwi bali inakokotolewa kutoka pH na kaboni inatoka 24 inakuwa kama 29. Mzima kabisa anapewa ugonjwa. Kontroo ndo zilimwokoa, zile ampuli haziongopi. Moshi nanyi mko chini kidogo yetu, mtaona kama 920, msishangae wala msirekebishe kwa simu.

#13 Babu_wa_Benchi

Hii ya baromita nimeipenda mno. Zamani tulikuwa na ya zebaki ukutani, kila asubuhi unaisoma unaandika kwenye daftari. Nilidhani imekwisha kazi.

#14 Guide_Marangu

Nawasalimu wote. Mi napandisha wageni mlimani, kila jioni tunawapima kwa klipu ya kidole, kule Kibo 4,700 mtu anasoma 80 anacheka anakunywa chai. Je damu yake ikipelekwa maabara si itasomeka amekufa?

#15 Dk_Zamu_Moshi

Mangi swali zuri sana. Mwaka 2007 wapanda mlima watafiti walichomana ateri ya nyonga wakiwa mita 8,400 kwenye Everest, sampuli ikashushwa kambini mita 6,400 ikapimwa. Wastani wa wanne ulikuwa 24.6, mmoja 19.1, na walikuwa wanatembea na kuongea. Hiyo ni ateri, ni chini ya vena ya yule binti. Mwili ukizoea taratibu na kupumua sana kaboni ikashuka unavumilia mengi. Ila wewe usilinganishe wageni wako na hao, akisoma chini kuliko wenzake na anayumba akitembea au anakohoa akiwa amekaa, huyo mteremshe usiku huo huo, usisubiri maabara.

#16 Guide_Marangu

Nimekupata daktari. Asante.

#17 Mpimaji_Njiro

Wakuu nimerudi na mrejesho baada ya wiki tatu. Nilipeleka hii hoja kwenye kikao cha idara, mwanzoni walisema fomu zimeshachapwa za mwaka mzima. Nikasema basi tugonge muhuri. Tumechongesha muhuri pale mjini wenye vyumba vitatu, ATERI, VENA, KAPILARI, na chini saa ya kutoa damu na oksijeni anayopewa mgonjwa. Nimekaa jioni mbili na mwenzangu tumegonga bando zima, vidole vyote wino wa bluu. Kwenye mashine fundi ametuwekea isiendelee mpaka uchague aina ya sampuli. Ikiwa vena, oksijeni na saturesheni hazitoki kwenye karatasi kabisa. Babu hili ulilisema, chekeche liandikwe chekeche.

Siku nne za kwanza nilirudisha fomu tisa ambazo hazikuwekwa tiki, nikanuniwa. Jana usiku zimekuja saba, zote zina tiki, na sita kati ya hizo ni vena.

#18 Sista_Kaloleni

Kaka naomba picha ya huo muhuri, kesho nipo zamu na matroni.